Paris, Guangzhou, New York au Sabasaba: muuza nguo za ndani uende maonyesho gani?

Wadau wa sidiria, makufuli (chupi), naitidresi na vibana tumbo, swali linaulizwa kila siku, nimejichanga nina hela ya safari moja, niende wapi nikakutane na watu wa maana kwenye hii biashara nirudi na kitu mkononi? Majibu yanayotolewa mengi ni ya ushabiki, aliyeenda China anasema China, aliyebahatika kufika Ulaya anasema bila Paris hujui kitu. Mimi naegemea upande mmoja na nitausema, ila sio kwa kila mtu, kwahiyo soma ujue wewe uko kundi gani.

Cha kwanza kabla hata ya kuangalia tiketi, jiulize unamtafuta nani. Maana haya maonyesho kwa picha yanafanana, mabanda, taa, masanamu yamevaa bikini, lakini watu waliosimama humo ni tofauti kabisa. Kuna sehemu unakutana na wenye brandi, yani sidiria ina jina na boksi lake tayari. Kuna sehemu unakutana na wenye viwanda. Kuna sehemu ni wauza lesi, mpira, waya na ndoano tu. Na kuna sehemu unakutana na mvaaji mwenyewe. Ukienda kwa wenye brandi wakati unatafuta kiwanda utarudi na makatalogi ya kupendeza na nauli imeisha.

Paris na Guangzhou, hawa ndo wapinzani wenyewe

Paris ni kila Januari, pale Porte de Versailles, inaitwa Salon International de la Lingerie, na imeambatana na nyingine inaitwa Interfilière ambayo ni ya malighafi. Siku tatu imeisha. Ni ya watu wa biashara tu, unajisajili kama duka au kampuni, na ule mwezi wa kwanza wanaonyesha mzigo wa vuli na baridi ya Ulaya, yani unachokiona leo kitatoka kiwandani baadae sana. Hapo hununui ukabeba. Unakaa mezani, unaonyeshwa mzigo, unaulizwa duka lako liko wapi, unauza brandi gani nyingine, una picha za duka? Mtu aliyezoea kulipa na kubeba anaweza kuona wanamringia, ila ndo utaratibu wao, brandi inalinda jina lake na inalinda duka lingine la mji huohuo ambalo tayari linauza. Weka miadi kwa barua pepe wiki kadhaa kabla, ukitokea tu mlangoni utapewa kadi na tabasamu.

Guangzhou ni Canton Fair, ipo tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, ukumbi ni Pazhou. Ina awamu tatu na hapa watu wanapotea sana, awamu ya kwanza ni mashine na vifaa vya umeme, ya pili ni vitu vya nyumbani na zawadi, sisi wetu ni awamu ya TATU, ambayo tangu 2023 imekuwa ikikaa tarehe 1 mpaka 5 Mei na ile ya mwisho wa mwaka 31 Oktoba mpaka 4 Novemba. Mnunuzi wa nje akijisajili mtandaoni mapema kadi ya kuingia ni bure, na ule usajili ndo unakupa barua ya mwaliko ya kuombea viza. Nguo za ndani zina eneo lao ndani ya mavazi. Wanaokaa mabandani ni watu wa viwanda na madalali, na dalali hawezi kukwambia yeye ni dalali, atakwambia kiwanda chetu.

Namna ya kumjua ni kumuuliza maswali ya kiwanda. Kiko mji gani? Akikujibu Gurao au Chendian huko Shantou, au Yanbu ya Foshan, ujue angalau anataja sehemu ambazo kweli ndo kazi yao, Gurao mji mzima unaishi kwa sidiria. Mwambie kesho nakuja kuangalia. Yanbu ni jirani tu na Guangzhou unaenda na kurudi siku hiyohiyo, Shantou ni safari ya treni kabisa. Mwenye kiwanda atafurahi atakutumia dereva, dalali ataanza kukwambia kiwanda kina ukarabati. Dalali sio mtu mbaya lakini, kwa anayeanza na mzigo mdogo dalali anakuchanganyia oda kutoka sehemu tatu na anakuongelea Kichina, cha muhimu ujue unamlipa kwa hilo.

Kwenye mambo ya kufahamiana, Paris ni miadi, kadi, barua pepe, halafu jioni kuna vinywaji kwenye mabanda na hapo ndo stori za ukweli zinatoka. Guangzhou ni WeChat, ile app ya Wachina ya kuchati. Ipakue na uithibitishe kabla hujaondoka nyumbani, huko hakuna mtu atakuandikia barua pepe akasubiri. Mtu ukimskani leo, kesho anakutumia video za mzigo mpya, wiki ijayo anakuuliza mtoto anaendeleaje, mwaka unaofuata ndo anakupa bei ya rafiki. Ule uhusiano unalipa kuliko banda lenyewe. Na picha, pande zote mbili, usipige bila kuomba. Paris hasa, watu wa lesi wakikuona na simu wanajua umekuja kuiba mchoro.

Sasa hela. Paris viza ya Schengen peke yake ni euro 90 tangu Juni 2024 na hiyo hairudi hata ukinyimwa, hoteli ya Paris wote tunajua, ila kitu ambacho watu hawasemi ni kwamba oda ya kuanzia ya brandi inaweza kuwa ndogo kuliko ya kiwanda. Brandi inaweza kukubali uanze na pisi za kujaza ukuta mmoja wa duka. Tatizo ni bei ya pisi moja, kwa hela ya sidiria moja ya jumla pale unaweza kupata dazani nzima mtaa wa Kongo, Kariakoo. Guangzhou ni kinyume chake, pisi ni bei ya kutupa ila kiwanda kinataka pisi mia tano au elfu moja kwa kila rangi, ukitaka jina lako kwenye lebo ndo kabisa, na malipo ni asilimia 30 mbele na 70 kabla mzigo haujapakiwa. Hoteli za Guangzhou nazo zinapanda bei wiki za maonyesho, wengi wanalala mtaa wa Xiaobei ambako chakula cha kwetu na watu wa kargo wapo. Kwa anayetoka Dar au Nairobi kufika Guangzhou ni rahisi, Air Tanzania na Kenya Airways zinaenda.

Saizi, hapa tukae kidogo

Hili ndo jambo ambalo kwangu linaamua zaidi ya bei, na watu wanalipita kama hawalioni.

Ingia duka lolote la jumla Kariakoo au Eastleigh uangalie sidiria za sponji. Nyingi zinakaa 32 mpaka 38 kikombe B (namba ni mkanda, herufi ni kikombe), au zimeandikwa namba tu, 36, 38, 40, hakuna herufi. Sasa dada ana mgongo mdogo kifua kikubwa, na hao ndo wateja wetu wengi tu, anapewa 42 kwa sababu ndo njia pekee ya kupata kikombe kikubwa. Mkanda unampanda mgongoni, uzito wote unahamia kwenye kamba, mabega yanakatika, mwisho anasema sidiria za waya mbaya. Waya haina kosa. Kitu ambacho muuzaji anatakiwa akijue kabla hajapanda ndege yoyote ni kwamba 34D, 36C na 38B vikombe vyake vina ujazo uleule, kinachobadilika ni mkanda. Ukiuza kwa kulijua hilo peke yake umeshawapita majirani.

Waliolifanyia kazi hili jambo kwa muda mrefu ni Waingereza. Panache, Freya, Fantasie, Elomi, Curvy Kate iliyoanza 2009, hawa wanatengeneza mkanda mdogo na herufi kubwa, G, H na kuendelea. Freya, Fantasie na Elomi zote ziko chini ya Wacoal ya Japani tangu Wacoal walipoinunua Eveden mwaka 2012, kwahiyo ukimjua mtu mmoja wa mauzo umefungua milango mitatu. Kule Leicester chuo cha De Montfort wanafundisha kozi ya nguo za ndani tangu 1947 na waliosoma pale wametapakaa kwenye brandi za dunia nzima, ukikutana na mmoja wao bandani muulize swali la ufundi uone anavyowaka. Watu wa aina hii unawapata Paris na New York. Guangzhou huwapati kirahisi.

Maana Guangzhou ukimwambia mwenye kiwanda nataka 36F atakujibu hakuna shida, halafu sampo inakuja ni B iliyopanuliwa. Sio kwamba anakudanganya makusudi. Kikombe cha sponji kinabonyezwa kwa joto kwenye moldi, yani kalibu, na kiwanda kina moldi zake za saizi zinazouzwa sana kwao, moldi mpya ni gharama ambayo hatoibeba kwa ajili ya pisi zako mia tano. Ukitaka vikombe vikubwa China uliza moja kwa moja, moldi ya F unayo? Nionyeshe. Au achana na sponji uombe ya kushonwa vipande, hiyo haihitaji moldi ila inahitaji mtu wa patani anayejua, na sidiria moja ina vipande zaidi ya 20, kosea kimoja kote kunaharibika. Beba sidiria inayomkaa mteja wako vizuri na beba futi.

Anayetaka kuanzisha brandi yake

Kwa huyu naona Interfilière inastahili hata kama Salon yenyewe haimhusu. Ni sehemu ambayo unaona mpira, utepe, ndoano, lesi, vyote chini ya paa moja na unaongea na aliyevitengeneza. Kuna lesi ya Calais-Caudry inayofumwa kwa mashine za Leavers, teknolojia ya Nottingham ya 1813 na mpaka leo zinapiga kazi, na ndo eneo lililotoa lesi ya Kifaransa kwenye gauni la harusi la Kate Middleton 2011. Hutoinunua kwa ajili ya makufuli ya elfu tatu, sawa, lakini ukishaishika mkononi hutodanganywa tena lesi ya nailoni ni ya Ufaransa.

Mbadala wa mfuko mdogo ni soko la vitambaa la Zhongda hapohapo Guangzhou, wilaya ya Haizhu, wilaya moja na Pazhou. Sio maonyesho, lipo siku zote, malighafi mpaka macho yanauma. Kasoro yake hakuna wa kukufundisha, unatakiwa uje unajua. Kwahiyo mimi ningesema jifunze kwanza, nyumbani kwa fundi, kisha Zhongda, Interfilière ije baadae ukiwa na maswali ya kuuliza.

Na kuna Shenzhen pia, maonyesho yanaitwa SIUF, ya nguo za ndani tupu, majira ya machipuko ya kule. Kutoka Guangzhou kwa treni ya kasi haifiki saa moja. Wengi pale ni brandi za Kichina zinazowauzia Wachina wenyewe, Kiingereza kidogo, ila mitindo utaiona kabla haijafika Kariakoo. Kama tarehe zinakaribiana na safari yako pitia, kuifungia safari peke yake hapana.

New York na Istanbul haraka haraka

New York ni CURVE, ukumbi wa Javits, mwanzo wa mwaka na tena majira ya joto ya kule. Ni ya maduka madogo kununua kwa brandi na watu wake ni wachangamfu kuliko wa Paris, hata mwenye kaduka kamoja anasikilizwa. Pia ndo mji wa The Underfashion Club, chama cha watu wa hii tasnia tangu 1958, wanatoa tuzo za Femmy na kusomesha wanafunzi wa nguo za ndani. Ila kwa Mtanzania kwa sasa ni mlima, Marekani ilituingiza 2025 kwenye orodha ya dhamana ya viza, yani hela unayoweka kama rehani ili upewe viza, mpaka dola 15,000, na masharti yamezidi kukaza. CURVE niwaachie dada zetu walioko hukohuko Marekani na Kanada wanaouza online, kwao hii ndo namba moja na wala wasihangaike na Paris.

Istanbul watu wanaiuliza kama maonyesho ila wanaofuata mzigo wanaenda mitaani, Laleli na Merter. Pajama za pamba, naitidresi, gauni za kulalia za bibi harusi, ubora mzuri na unabeba. Wanauza kwa seri, yani seti ya saizi zote, huchagui mediamu tupu. Ukitafuta mzigo nenda, ukitafuta kujuana na watu wa tasnia sio pake.

Nyumbani je?

Sabasaba, viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, mwisho wa Juni mpaka katikati ya Julai. Watu ni wengi mno, na hapo ndo shida kwa bidhaa yetu. Baba anapita na watoto, mama mkwe yupo nyuma, nani atasimama kupima sidiria? Utauza vibana tumbo, pajama na boksa, vitu vya kifahari vitakaa. Faida yake ni mabanda ya wageni, kuna wafanyabiashara wa Uturuki, Syria, India na China wanaleta mzigo na wengi wanatafuta wakala wa hapa, nenda siku za mwanzo asubuhi kabla hawajachoka uongee nao. Yale ya Jua Kali/Nguvu Kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yanayozunguka nchi wanachama tangu 1999, ni mazuri kwa anayeshona mwenyewe, unakutana na mafundi wa Uganda, Rwanda na Burundi. Swahili Fashion Week ya Mustafa Hassanali, tangu 2008, ni kwa ajili ya wabunifu, mastailisti na wapiga picha, ukiwa na brandi utawahitaji.

Lakini jamani, tukio kubwa la nguo za ndani Bongo ni kitchen party na wala halina tiketi. Ukumbi wanawake watupu, bibi harusi anafundwa, kila mgeni anatafuta zawadi na kila mgeni anajiwazia na yeye. Ukijuana na kungwi mmoja anayeaminika, na MC wa kike mmoja, na mpambaji, una wateja wa mwaka mzima. Pwani ya Zanzibar na Mombasa ni somo, yani yule mama anayemfunda bibi harusi, na watu wa singo na hina, tena huko neno la somo kuhusu nguo ya kulalia linazidi tangazo lolote la insta. Usiende na begi ukaanza kutembeza katikati ya shughuli, ni utovu wa adabu, ongea na kamati kabla, toa seti moja nzuri ya bibi harusi kama zawadi yako na mpe MC ataje. Kule Saudia mwaka 2012 walianza kutekeleza amri wauzaji wa maduka ya nguo za ndani wawe wanawake tu, baada ya kampeni ya Reem Asaad, sisi hatuna sheria hiyo na mtaa wa Kongo ni vijana wa kiume wanakuvutia sidiria juu ya fulana zao wanakuhakikishia hii inakutosha dada, kwa hiyo mwanamke anayeuza kwa faragha na anajua kupima ana soko lake tayari.

Mtumba nisiuguse sana, TBS walishapiga marufuku nguo za ndani za mtumba siku nyingi na wanakamata, usijenge mtandao wako huko. Na feki zenye majina ya watu hivyohivyo, Tume ya Ushindani (FCC) kwa Tanzania, Kenya kuna mamlaka yao ya bidhaa bandia.

Ningechagua hivi

Duka la jumla au la kawaida, Guangzhou awamu ya tatu na siku ya Yanbu ndani yake, hata sifikirii. Butiki ya Masaki au Westlands yenye wateja wa kulipa na wenye shida ya saizi, Paris, maana hakuna mtu anayewahudumia hao wateja vizuri na wakipata sidiria inayowakaa hawaondoki. Anayeanzisha brandi yake, nilishasema, ajifunze kwanza kisha Zhongda. Anayeanza na mtaji wa kuungaunga asisafiri, kitchen party mwaka mzima, anunue Kariakoo kwa dazani, awe anaandika saizi zinazoulizwa na anazokosa. Hilo daftari siku akifika Pazhou lina thamani kuliko hela ya oda.

Halafu angalia kalenda, wengi wanachagua mwezi kwa nauli. Kiwanda kinahitaji kama mwezi na ushee kukutengenezea, meli nayo mwezi mpaka mwezi na nusu kufika Dar au Mombasa, bado bandari, na cheti cha ukaguzi cha TBS au KEBS (shirika la viwango la Kenya) uulizane na mtu wa kargo kabla mzigo haujatoka. Ukiweka oda Novemba huwahi harusi za Desemba kabisa, unapata Februari au Machi, sana sana angalia Ramadhani inaangukia lini mwaka huo maana baada ya Idi ndo harusi za Pwani zinaanza. Ukiweka oda Mei mzigo unakukuta Agosti au Septemba, una nafasi ya kuuza taratibu mpaka mwisho wa mwaka. Kwahiyo kwa anayeenda mara moja tu kwa mwaka ni ya Mei, na viza uanze kuishughulikia mwezi wa pili.